Atara na Mzingo wa Kofia

Mama alianza kuutafuta mzingo wa kofia siku ya kumi na moja ya eda yake. Siku hiyo sikujua uliko, nikamsaidia kutafuta kwa moyo mweupe. Baadaye nilijua, nikanyamaza. Haya nayaandika kwa sababu ya kule kunyamaza.

Inafaa nieleze kidogo kwa asiyezijua kofia zetu za mkono. Kofia ya viua hushonwa vipande viwili. Kuna duara la juu, linalokaa utosini, na kuna mzingo, ule ukanda wa upana wa vidole vinne au vitano unaokizunguka kichwa. Bafta, kile kitambaa cheupe cha pamba, hukunjwa mara mbili, kisha kila kipande hushonwa peke yake. Vitundu vidogo hutobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi, kimoja baada ya kimoja, mpaka kitambaa kizima kinakuwa maua na kinakuwa kizito mkononi. Ni kazi ya miezi. Mwisho ncha mbili za mzingo huunganishwa, duara likapachikwa juu, na hapo tu ndipo mtu anaweza kuiita kofia. Kabla ya hapo ni vitambaa viwili vilivyokula macho ya mwanamke.

Mama alimshonea baba kofia maisha yao yote ya ndoa. Ya kwanza aliipeleka kabla ya harusi, kwa mkono wa mtu, kama wasichana wa wakati wake walivyofanya, na kila moja ilipochakaa ilikuta nyingine imeshaanzwa. Baba alikuwa karani wa bandarini, mtu wa maneno machache na mashati yaliyopigwa pasi. Hakuwahi kutoka mlangoni bila kofia, hata akishuka ngazi kwenda kununua kibiriti duka la chini. Mama aliifua, akaitia wanga, akaivisha bakuli lililopinduliwa dirishani ili ikauke na umbo lake. Bakuli hilo lilikuwa la kofia tu, na ole wako ukamatwe umelitilia mchuzi. Siku baba alipolazwa hospitali nilipita kitanda chake, nikaendelea kumtafuta mbele, kwa sababu kile kichwa kidogo chenye mvi chache juu ya mto nilikuwa sikijui. Akaniita. Nilirudi nikijifanya nilikuwa namtafuta muuguzi, na mpaka leo naona haya.

Wiki ile ile mama akaanza kofia ya mwisho. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili. La kushoto halioni kitu, la kulia linaona mwanga na vivuli. Daktari alimkataza kushona, naye alimwitikia vizuri sana, akarudi nyumbani akaniomba nimtungie uzi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilikuwa namtungia sindano kumi, nazichomeka kwenye mto mdogo, naye anazimaliza mpaka alasiri. Alishona kwa uzi mweupe juu ya bafta jeupe, maana rangi zilikuwa zinamchanganya, na kiua alikijua kwa ncha ya kidole. Baba akimuuliza, "Imefika wapi?" Mama akimjibu, "Inakuja." Miezi ikapita, mzingo ukakwisha. Duara lilikuwa nusu. Baba akafariki asubuhi ya Jumatano, nyumbani, siku ya pili tangu tumrudishe kutoka hospitali.

Kwa hiyo mama alikaa eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila manukato wala wanja, kwenye chumba cha ndani chenye pazia mlangoni. Nyumba yetu ni ya juu, Mji Mkongwe, vyumba viwili na jiko, na tangu niachike naishi nao. Siku ya kumi na moja, wageni wa matanga wameshapungua, mama aliniita.

"Mwanangu, hebu nsaidie. Mzingo siuoni."

"Si umo kikapuni?"

"Kikapuni nna duara tu. Mzingo nliuweka juu yake, nimeukunja. Nnakumbuka." Akapapasa kikapu tena. "Au nnadhani nnakumbuka."

Tulitafuta chini ya kitanda, ndani ya kabati, ndani ya foronya. Nilitoa hata nguo za baba ambazo zilikuwa bado hazijagaiwa, nikazikung'uta moja moja. Hakuna kitu. Nilimwambia utaonekana tu, vitu huwa vinajificha siku za msiba. Aliendelea kupapasa. Nilijua anawaza nini, kwa sababu bibi yangu, mama yake, alimaliza miaka yake ya mwisho haijui nyumba yake mwenyewe. Kwa bibi ilianza na miwani. Ikaja sufuria, ikaja watoto. Mama ndiye aliyemuuguza, na katika maisha yangu sijamsikia akiomba kitu kwa Mungu kwa uchungu kama alivyoomba asifike pale.

Baada ya hapo akawa anatafuta kila siku. Anafanya kimyakimya, nikiwa kazini, na nikirudi naona kabati limepangwa upya. Alikuwa akipapasa rafu kwa mkono, kutoka kushoto kwenda kulia, kama anavyopapasa bafta. Siku moja alinikabidhi bunda la funguo zake, wa kabati, wa sanduku na wa mlango wa nje, funguo ambazo sijawahi kuona zikitoka kiunoni mwake.

"Kaa nazo wewe," alisema. "Mimi nshakuwa mtu wa kupoteza."

Nilizipokea nikiona nimepewa heshima. Nilikuwa mjinga.

Kazi yangu ni kwenye nyumba ndogo ya wageni, si mbali na kwetu. Natengeneza chai ya asubuhi, napokea wageni, naandika majina yao. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi miaka kadhaa Nungwi kwenye mahoteli ya pwani, na huko nikapata Kitaliano, Kitaliano cha mezani na cha taulo kwanza, kisha cha kugombana, kisha cha kuzungumza. Ndiyo maana mgeni wa Kitaliano akija hupewa mimi. Wiki ya sita ya eda ya mama alikuja mmoja, bibi mwenye nywele fupi nyeupe, peke yake, amelipia wiki mbili. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo kwao, ameshastaafu. Asubuhi ya tatu alinikuta juu ya paa nafuta meza ile ile kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji meza kufutwa.

Aliniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia baba. Akasema yeye amefiwa na mumewe, miezi mitano sasa, na mume huyo alimuahidi Zanzibar miaka thelathini, kila mwaka kukawa na sababu. Nikamwongezea chai. Wafiwa wanajuana haraka, hawahitaji kutambulishana sana.

Siku zilizofuata akawa anakunywa chai yake taratibu mpaka wengine wamekwisha kushuka, tunazungumza. Katika kuzungumza huko akaniambia yeye ni Myahudi. Sikujua niufanye nini uso wangu. Siku hizi si nyepesi. Habari za vita vya kule nchi ya Wayahudi hazikatiki kwenye redio za mji wetu, na mimi nina hasira zangu juu ya hayo, sizifichi. Naye aliona. Akasema kwa upole kwamba hakuja kunizungumzia nchi ile, alitaka kunionyesha kitu cha mumewe, kama sijali. Nikaketi.

Akatoa bahasha mkobani. Ndani mlikuwa na ukanda wa kitambaa, mfupi kidogo kuliko mkono wangu, umetariziwa kwa uzi wa fedha ulioanza kuwa mweusi. Akaniambia unaitwa atara. Ni neno la Kiebrania, maana yake taji. Wanaume wao wana shuka ya kujifunika wakati wa kusali, na ukanda huo hushonwa kwenye ukingo wa juu, mahali pa shingo, ili mwenye shuka ajue upande gani unaanza, asije akaivaa juu chini. Mumewe aliivaa shuka ile miaka hamsini. Alipokufa alivikwa hiyo hiyo kuwa sanda yake. Lakini kwa desturi ya watu wake yeye, hawamziki mtu na taji. Atara hufumuliwa kwanza. Aliifumua mwenyewe kwa mkasi wa kucha, kwenye meza ya jikoni, na alisema uzi ulikuwa wa mama mkwe wake na ulikataa kukatika.

"Maiti anakwenda bila mapambo," aliniambia. "Kwenu pia?"

"Kwetu pia. Sanda nyeupe tu. Hakuna kofia."

Akapenda kunieleza zaidi, ualimu ulikuwa haujamtoka. Alisema kwao maneno ya taji ni zaidi ya moja. Kuna keter, taji kubwa, ambalo huvikwa hata kitabu chao kitakatifu, yaani ile hati yenyewe iliyoviringwa huwekewa taji la fedha juu ya vijiti vyake. Watu wao wa elimu ya ndani wanasema keter iko juu ya kichwa, haigusi kichwa, ni sehemu ambayo mtu hawezi kuifikia kwa akili yake. Kuna na mataji madogo ambayo waandishi wao huyachora juu ya baadhi ya herufi, na hayo huitwa tag. Nikamwambia sisi tunasema taji. Akacheka, akalirudia mara mbili. Kisha akachukua karatasi ya kufutia mikono akaniandikia atara, herufi zinakwenda kutoka kulia kama za msahafu. Alisema keter na atara, yote mawili, yana mzizi wa kuzunguka. Kuzunguka kitu pande zote, mpaka ncha zikutane. Kwa hiyo taji, alisema, usilifikirie kama kitu kilichowekwa juu ya mtu. Lifikirie kama kitu kilichomzunguka.

Nilifikiri ndivyo kofia inavyounganishwa, nikataka kumwambia. Wakati huo akawa ananipa ule ukanda nishike.

Niliupokea kwenye kiganja. Kitambaa kimekunjwa mara mbili, kimeshonwa mpaka kimekuwa kigumu, ni chepesi kwa macho na kizito kwa mkono. Na mkono wangu ukakumbuka. Sijui nilieleze vipi. Kichwa kilikuwa hakijafika bado, mkono ulishafika. Mkono ulikumbuka kushika kitu kama kile, cheupe, katikati ya vitambaa vyembamba, siku aliyokufa baba.

Mimi tangu utoto ni mtu wa pupa. Nikifadhaika nafagia. Siku ile sikulia. Nilisimama, nikatandika mikeka, nikahesabu vikombe, nikawaelekeza watu ngazi, na kila aliyepita aliniambia Mungu akupe nguvu mwanangu, umesimama kama mwanamume. Ilinipendeza. Chumba cha ndani bibi mmoja wa mtaani ajuaye kazi hiyo alikuwa anakata sanda kwenye mkeka, na mimi nilikuwa nachana kamba zake, vile vitambaa virefu vya bafta vinavyofungia sanda kichwani, kiunoni na miguuni. Wanawake walikuwa wengi. Mtu akasukuma kikapu cha mama kupata pa kukaa, kikapinduka. Nikasema ondokeni, nipisheni, nikakusanya kwa mikono miwili kila cheupe kilichokuwa kirefu, nikakiviringa, nikakiweka kwenye sinia pamoja na pamba na kafuri, nikapitisha chini ya pazia kwa wanaume. Niliwaambia tena wafanye haraka.

Nilimrudishia bibi yule ukanda wake. Aliniuliza kama naumwa.

Jioni nilimwambia mama habari za mgeni, si habari za mkono wangu. Nilizungumza tu ili nisinyamaze.

"Myahudi?" aliuliza mama.

"Kafiwa na mumewe, mama."

Kidole chake kilikuwa kikizunguka kwenye lile duara nusu. "Naye yumo edani?"

"Kwao wanakaa chini siku saba. Kisha wanatoka."

"Siku saba," alisema. "Zinatosha nini siku saba? Mpelekee mkate wa kumimina. Usimpelekee wa dukani."

Kesho yake nilitoka kazini mapema nikaenda Kikwajuni, kwa mzee aliyemuosha baba. Ni fundi baiskeli, na anaosha maiti kwa ajili ya Mungu, halipwi. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, gurudumu mapajani.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Ami, nna jambo nataka kukuuliza, la siku ile."

Aliweka gurudumu chini. Hakuningoja nimalize.

"Kamba moja ilikuwa fupi," alisema. "Fupi na nene, ina vitundu. Nlipoishika nlijua ni kazi ya kofia."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Imetoka ndani kwenu, kwenye sinia. Nlidhani mmeitia kusudi. Watu siku kama ile wana mambo yao, mimi siulizi. Kiunoni haikufika. Miguuni ingefika, lakini moyo wangu haukutaka iende miguuni. Nikaifunga kichwani, ncha zake nikazikutanisha kwa uzi."

"Na kaburini?"

"Kaburini mafundo yanafunguliwa. Nliteremka mimi mwenyewe. Nililegeza lile fundo, ikabaki pale pale, imemzunguka."

Nilimuuliza kama ni dhambi, kumzika mtu na pambo. Alifikiri, akafuta mkono kwenye kitambaa chenye mafuta. "Kamba ni kamba," alisema. "Mimi nimesema bismillahi nikaifunga. Lililobaki si langu wala si lako. Msalimie mama."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeazimia kumwambia. Nikamkuta kwenye sanduku, amelifungua mwenyewe, kwani siku hizo nilikuwa naliacha bila kufungwa, ametoa kila kitu sakafuni na anapapasa chini kwenye mbao. Nikamwinua, nikavirudisha vitu, nikapika wali. Sikumwambia.

Sababu zangu nilikuwa nazo, na kila moja ilionekana nzuri. Nilijiambia ataumia kujua baba amezikwa na pambo, yeye mwanamke asiyependa hata kaburi lijengewe. Nilijiambia kazi ile ya macho yaliyokwisha, kumwambia imo ardhini, ni kumuua. Lakini sababu ya kweli ilikuwa ndogo na chafu. Siku ile ya msiba ilikuwa siku yangu. Maisha yangu yote mimi ndiye mtoto aliyeachika, aliyerudi, anayevunja vikombe, na siku moja tu nilisimama kama mwanamume na watu wakaona. Sikutaka niwe ndiye niliyeharibu.

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa yule mgeni, siku moja kabla ya safari yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ananionea wivu. Alisema yeye ameitunza atara kwenye bahasha, na kila akiitoa anaona ni utepe tu, haimzunguki mtu. Nikamkasirikia. Nilimwambia mama yangu hana hata utepe wa kushika, ana kitambaa cha duara na anadhani akili inamtoka.

"Basi mwambie haimtoki," alisema.

Akaondoka na mkate uliobaki amefunga kwenye karatasi. Na mimi nikamaliza wiki nyingine, na nyingine, bila kusema.

Mwezi wa tatu wa eda ulipokuwa unakaribia kwisha, mama aliniita alasiri moja nikiwa nimetoka kazini. Alikuwa ameshatawadha, yuko juu ya mswala.

"Njoo ukae hapa pembeni yangu," alisema. "Nihesabie rakaa."

"Kwa nini, mama?"

"Sijiamini. Jana sijui nliswali tatu au nne. Nikipunguza, uniambie."

Nikakaa. Nilimuona akirukuu na kusujudu, polepole, mgongo ule niliobebwa nao, na kila akisimama alikuwa anatega sikio kidogo upande wangu, ananingoja nimsahihishe. Hakukosea hata moja. Alipotoa salamu aliuliza, "Ngapi?" Nikasema nne. "Kweli?" Nikasema kweli. Siku ya pili vivyo hivyo. Mwanamke huyu ndiye aliyenifundisha kuswali, akinishika kiuno niinamie sawa, na sasa alikuwa ananiuliza mimi kama sala yake imetimia. Siku ya tatu alipoliweka duara kikapuni na kutandika mswala, nilisema kabla sijakaa.

"Mama. Mzingo hukuupoteza wewe."

Alibaki ameinama. Nikamwambia yote, kikapu kupinduka, kamba, sinia, fundi wa Kikwajuni. Nilizungumza haraka, kama kawaida yangu, mpaka kwenye kuteremka kaburini. Mama alikaa chini taratibu, akitafuta sakafu kwa mkono.

"Waliufunga wapi?"

"Kichwani. Ami alisema kiunoni haukufika."

"Ungefikaje kiunoni," alisema mama. "Nlimpima kichwa. Hospitali, amelala, nlimpima kwa uzi. Nikakata uzi pale ulipokutana."

Kisha akalia. Siku ya kufa baba hakulia mbele za watu, na katika miezi ile mitatu nilikuwa sijamsikia. Sasa alilia kwa sauti, kwa mdomo wazi, na mimi nikalia naye, nikataka kumshika, akauweka mkono wake kati yetu, si kwa ukali, ila nisisogee. Ilichukua muda. Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya mtandio.

"Ulimtosha?"

"Ami kasema umemzunguka."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. Halafu akaniuliza jambo ambalo nilikuwa nimeomba asiniulize.

"Ulijua tangu lini?"

"Mwezi mmoja na zaidi."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aligeuza uso upande wa dirisha, palipo na lile bakuli, limepinduliwa, halina kitu tangu baba alipolazwa. Wala hakusema amenisamehe, na mpaka leo, eda imekwisha na anatoka na kurudi, hajalisema.

"Nipe funguo zangu," alisema.

Nilizitoa mkobani nikampa. Alizihesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, akazifunga kiunoni.

"Sasa toka. Nataka kuswali."

Nilitoka nikasimama nyuma ya pazia. Nilimsikia anahirimia kuanza sala, nikasikia magoti yanagusa mswala, na bila kutaka nikajikuta nahesabu. Zilikuwa nne, hakuna iliyopungua.